Muuaji Hakuvaa Nyeusi

Msichana alitokea kwenye kioo, na kabla hajasema neno tulishamhukumu. Nywele nyeusi zimemfunika jicho moja, midomo imepakwa zambarau iliyokolea kama damu iliyoganda, kucha nyeusi, msalaba wa bati kifuani, gauni la lesi jeusi linaburuza chini. Tulikuwa kwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, Mbagala, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 2000, tumebanana kwenye mabenchi. Mtafsiri alikuwa hajafungua hata mdomo pale mzee mmoja nyuma yangu aliposema, "Huyo ndiye mchawi mwenyewe." Kibanda kizima kikaitikia. Na kweli, filamu ilipoisha, ndiye alikuwa.

Jina la filamu sikulishika hata siku ile. Ilikuwa moja ya zile zilizobanwa kumi na ngapi kwenye diski moja: filamu za kutisha za Marekani zilizopigwa kwa kamera ya video, nyumba moja, msitu mmoja, waigizaji sita, damu ya sharubati. Lakini rangi ya midomo ya yule msichana naikumbuka mpaka leo. Ndivyo filamu zile zilivyokusudia. Mtazamaji amjue mbaya kwa kumtazama tu, ili mwandishi asipate taabu ya kutueleza kwa nini binadamu anaua.

Imani hiyo, kwamba kijana akivaa nyeusi, akajipaka wanja mzito na kupenda habari za makaburi basi moyoni mwake amekaa shetani, imeenea kuliko filamu zenyewe. Ipo Texas na ipo Temeke. Mimi naipinga yote, sibakizi hata punje. Ni uongo, tena uongo uliokwisha kumwaga damu, na watengeneza filamu wanaoulisha hawana umaskini wa kujifichia.

Vijana wa namna hiyo huitwa wagothi, na hawakutoka kuzimu. Walitoka kwenye klabu za muziki za Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, pale muziki wa punk ulipoanza kuchuja. Mwaka 1979 vijana wanne wa Northampton, bendi ya Bauhaus, walitoa wimbo wa zaidi ya dakika tisa kuhusu kifo cha Bela Lugosi, Mhungaria aliyeigiza Dracula mwaka 1931. Mwaka 1982 ikafunguliwa klabu ya Batcave, mtaa wa Soho, London, na vijana wa namna ile wakapata kwao. Lugosi mwenyewe alikufa mwaka 1956, jina limeshafifia, akazikwa na joho lake la Dracula. Vipande vyake vya mwisho vya picha viliingizwa kwenye Plan 9 from Outer Space ya Ed Wood, filamu iliyotengenezwa kwa pesa ya kuokoteza. Humo humo anapita mwanamke mmoja makaburini, gauni jeusi limembana kiuno, kucha ndefu, nyusi zimechongwa kama upinde: Maila Nurmi, aliyejulikana kwa jina la Vampira. Mwangalie yule, kisha umwangalie msichana yeyote wa kigothi. Ni mama na mwana.

Kwa hiyo wagothi ni wana wa filamu za bei ya chini. Walizipenda wakati wenye kujiona wastaarabu walizicheka. Kinachoniuma ni kwamba filamu hizo hizo zimewageuka wana wao.

Tuanzie mbali kidogo, Ujerumani mwaka 1920, kwenye The Cabinet of Dr. Caligari. Nyumba zake ni turubai zilizopinda, na hata mwanga na vivuli vimechorwa kwa brashi. Ndani yake yumo Cesare, ameigizwa na Conrad Veidt: nguo nyeusi zimemgandama mwilini, uso mweupe kama chokaa, macho yamezungushiwa weusi. Kila mdomo mweusi na kila uso uliopakwa poda katika klabu za kigothi una deni kwake. Cesare anaua, sikatai. Lakini anaua akiwa usingizini, kwa amri ya Daktari Caligari, mzee mwenye kofia ndefu na miwani, mwenye cheo na kibali cha kufanya maonyesho yake. Anapotumwa kumchoma kisu binti aliyelala, Cesare anainua kisu, anamtazama, mkono unakataa. Mwisho wa filamu unavuruga mambo, hujui tena kichaa ni nani, na mimi nauona ni woga. Ila kile kitendo cha mkono uliokataa hakifutiki. Filamu iliyotuletea sura ile ilikuwa inatuambia: usimwogope huyu aliyepauka, mwogope anayemtuma.

Miaka 83 baadaye, Brad Sykes akatengeneza kwa pesa kidogo filamu ya video iitwayo Goth. Wapenzi wawili vijana wanakutana na mwanamke anayejiita kwa jina hilo hilo, naye anawaburuta usiku kucha katika ukatili na mauaji. Hakuna daktari nyuma yake. Hakuna anayemtuma. Jina la kundi zima la watu limekuwa jina la muuaji, na vazi limekuwa ndiyo sababu ya kuua.

Najua utetezi wa watengeneza filamu hawa: hatukuwa na hela. Lakini mwaka 1962, mjini Lawrence, Kansas, Herk Harvey, mtu aliyekuwa akila kwa kutengeneza filamu za mafunzo ya viwandani na mashuleni, alitengeneza Carnival of Souls kwa dola 33,000 hivi. Hakuwa na studio. Alikuwa na jumba la starehe lililotelekezwa kando ya Ziwa la Chumvi la Utah, kinanda cha kanisani, na Candace Hilligoss mwenye macho makubwa yasiyotulia. Watu waliopauka, macho yamezungushiwa giza, wanacheza dansi kwenye ukumbi mtupu, na ukiwatazama mwili unasisimka. Hawakupewa ubaya. Wamekufa, basi, na wanamngoja mwenzao. Hofu yote imekaa kwa yule mwanamke asiyejua kwamba hana tena mahali miongoni mwa walio hai. Hiyo haikununuliwa, iliandikwa.

Au chukua Ginger Snaps ya Kanada, iliyotoka mwaka 2000, ikaongozwa na John Fawcett na kuandikwa na Karen Walton. Bajeti yake kwa Hollywood ni chenji. Ndugu wawili wa kike, Brigitte na Ginger, wanavaa magauni mazito ya giza, na kazi yao ya shule ni kujipiga picha wakijifanya wamekufa: mmoja amechomekwa kwenye vigingi vya uzio, mwingine kaanguka chini ya mashine ya kukatia nyasi. Mtengeneza filamu mvivu angekwisha kupata wauaji wake hapo. Walton akafanya kinyume. Mnyama anatoka nje, anamrarua Ginger, na aliye na ujasiri wa kusimama mbele ya kifo ni yule mdogo mnyamavu aliyekuwa akikichezea kwenye picha. Kukizoea kifo kwa mchezo kulimpa akili ya kukikabili. Filamu hii ilikaribia kufia tumboni. Ilikuwa ikitafuta waigizaji baada ya mauaji ya shule ya mwaka 1999, na baadhi ya wasaka waigizaji wa Toronto wakakataa hata kuigusa.

Mwaka huo tuusimamie kidogo. Tarehe 20 Aprili 1999, katika Shule ya Sekondari ya Columbine, Colorado, wavulana wawili waliua wanafunzi 12 na mwalimu mmoja. Siku ile ile televisheni zikaanza kutangaza kwamba wauaji ni wagothi. Hawakuwa. Lakini neno lilishatoka, na kote Marekani vijana waliovaa nyeusi wakatazamwa shuleni kama mabomu yanayotembea.

Na kabla ya Columbine kulikuwa na West Memphis, Arkansas. Mei 1993 watoto watatu wa miaka minane waliuawa na kutupwa kwenye mfereji wa maji msituni. Mji ulitaka jibu, na jibu lilikuwa linatembea mtaani na koti refu jeusi: Damien Echols, miaka 18, mtoto wa nyumba maskini, msomaji wa vitabu vya kutisha, msikilizaji wa Metallica. Sitamwita mgothi, klabu za London hakuzijua. Lakini mji ule haukutofautisha, na mahakama nayo haikutofautisha. Alikamatwa pamoja na Jason Baldwin, miaka 16, na Jessie Misskelley, 17, ambaye akili yake ilikuwa nzito na ambaye alikiri baada ya kuhojiwa saa nyingi, akisimulia mambo yasiyolingana na yaliyotokea. Upande wa mashtaka ukaleta shahidi aliyeitwa mtaalamu wa ibada za siri, mwenye shahada ya udaktari aliyoipata kwa posta, naye akaieleza mahakama habari za kucha nyeusi, nywele zilizotiwa weusi na fulana nyeusi. Hakuna alama ya kidole, hakuna damu iliyowafunga vijana wale watatu na mauaji. Mwaka 1994 Baldwin na Misskelley walihukumiwa kifungo cha maisha. Echols alihukumiwa kifo.

Walitoka tarehe 19 Agosti 2011, baada ya miaka 18, vipimo vya vinasaba vikiwa vimeshindwa kuwaunganisha na mauaji hayo. Na hata siku hiyo walitakiwa kutia saini makubaliano ya ajabu: kwamba wanashikilia kuwa hawana hatia, lakini wanakubali serikali ina ushahidi wa kutosha kuwafunga. Wazazi wa wale watoto watatu mpaka leo hawajapata muuaji aliyethibitishwa. Huo ndio upande tusiouona mtu anapohukumiwa kwa nguo: aliyetenda anabaki mtaani, anakula, analala.

Kuna atakayenikumbusha Eustis, Florida, mwaka 1996, kijana wa miaka 16 aliyejiita mnyonya damu alipowaua wazazi wa rafiki yake. Ni kweli, ilitokea. Kufikia mwaka 2002 ilikwisha tengenezewa filamu, Vampire Clan. Lakini wanaume wangapi wameua wake zao wakiwa na shati la kazini, na nani aliwahi kutengeneza filamu ya kutuogofya kwa shati? Kosa la mmoja aliyevaa nyeusi linavishwa wote. Kosa la aliyevaa kama sisi linabaki lake peke yake.

Sasa Bacup, mji mdogo wa Lancashire, Uingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Agosti 2007, Sophie Lancaster, miaka 20, alikuwa akirudi nyumbani na mpenzi wake, Robert Maltby. Nywele zao ndefu, pete puani na midomoni, mavazi ya kigothi. Walipitia bustani ya Stubbylee, wakakutana na kundi la vijana, wakazungumza nao, wakagawana sigara. Kisha vijana wakamvamia Robert, wakampiga mpaka akazimia. Sophie alipiga magoti, akakipakata kichwa chake mapajani, akiwasihi waache. Wakamgeukia yeye, wakampiga mateke kichwani hapo hapo alipopiga magoti. Alikufa tarehe 24 Agosti bila kuzinduka. Jaji aliyewahukumu wauaji alisema waziwazi kwamba wawili wale walishambuliwa kwa sababu tu ya kuonekana tofauti. Mwaka 2013 polisi wa Greater Manchester wakaanza kuyaandikisha mashambulizi ya namna hii kama uhalifu wa chuki, matunda ya kazi ya Sylvia, mama yake Sophie.

Ukiipanga picha ile kama filamu, yule wa nguo nyeusi ndiye aliyekaa chini na kichwa cha mpenzi wake mapajani.

Wala tusiyatazame haya kama mambo ya Wazungu. Usukumani wameuawa vikongwe wangapi kwa kosa la macho mekundu, macho yaliyowashwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe baada ya kuni kwisha? Kenya mwaka 1994 iliundiwa tume nzima ya kuchunguza ibada za shetani. Na filamu zetu wenyewe za kutisha humtoa bibi kizee na kaniki yake, kamera inamsogelea usoni, kinanda kinalia, nasi tumeshamaliza kesi. Mtengenezaji wa Mbagala na yule wa video za Marekani wanauza bidhaa moja.

Mwaka jana dada yangu alinipigia simu usiku akilia. Mwanawe, miaka 17, alipaka kucha rangi nyeusi, akavaa fulana nyeusi na mnyororo wa fedha, akaenda mazoezi ya kwaya. Mtu mzima mmoja akasimama mbele ya wenzake na kusema binti amejiunga na Frimasoni, aombewe. Wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani, wakamshika aliposema hataki. Alirudi nyumbani na alama za vidole mkononi.

Nilimchukua akakaa kwangu wiki mbili. Jumamosi moja tulitazama pamoja Murdered for Being Different, tamthilia ya BBC ya mwaka 2017 kuhusu Sophie na Robert. Si filamu ya kutisha kwa jina, lakini tangu siku za kibanda umiza sijapata kuogopa hivyo. Mpwa wangu alitazama mpaka mwisho, magoti ameyakumbatia, kucha zake nyeusi zimeanza kubanduka.

"Mjomba," akaniuliza, "wale waliompiga walikuwa wamevaaje?"

Nilikuwa nimetoka kuwaona dakika chache tu zilizopita. Sikukumbuka.