Paa Litengenezwe Kabla ya Masika



Mvua za masika hazijafika bado, na ndiyo sababu twaandika juu ya paa leo. Zikifika tutakuwa tumechelewa. Kila mwaka mambo ni yale yale. Januari na Februari jua ni kali na kila mtu amesahau. Machi matone ya kwanza yaanguka, na wanaokaa ghorofa ya juu waanza kupanga masufuria na ndoo sakafuni. Aprili godoro limelowa. Juni baridi yaingia na ukuta haujakauka, watoto wakohoa mpaka Agosti. Kisha jua larudi, nasi twasahau tena.

Twasema mambo haya yakome. Hayatakoma kwa kila mpangaji kwenda kulalamika peke yake kwa msimamizi wa ploti. Yatakoma siku wapangaji wa jengo moja watakaposimama pamoja, na kusimama mapema, wakati wa jua.

Wako watakaouliza: paa lahusu nini chama cha wafanyakazi? Twajibu kwamba nyumba imekuwa neno la wafanyakazi wa nchi hii tangu zamani. Wafanyakazi wa Mombasa walipogoma mwaka wa 1939, fedha za nyumba zilikuwa katika madai yao. Leo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa, au amlipe fedha za kutosha kupanga nyumba ya kufaa. Nyumba inayovuja si nyumba ya kufaa. Tulizipigania fedha hizo mezani na waajiri. Hatukuzipigania ili tulipie maji kitandani. Na mtu aliyekesha akihamisha kitanda usiku kucha, asubuhi afika kazini amechoka, na mashine haimhurumii.

Tena Tassia yatuhusu kwa njia nyingine. Ardhi hii ilikuwa katika mali ya NSSF, mfuko ulioanzishwa mwaka 1965, ndio ule ule tunaokatwa fedha kila mwezi kwa ajili ya uzee wetu. Mtaa uliojengwa juu ya akiba ya wafanyakazi haufai kuwalaza wafanyakazi katika maji.

MAJI YAINGIAJE?

Majengo yetu mengi ni ya ghorofa, nyumba imebanana na nyumba. Juu kabisa pana slabu ya zege, na juu ya slabu pana matangi ya maji na kamba za nguo. Mengine yamefunikwa kwa mabati.

Slabu ya juu yapaswa kuinama kidogo kuelekea tundu la kutolea maji. Tundu hilo likizibwa na mchanga, karatasi za sabuni na vibanio vya nguo, slabu yawa bwawa. Hesabu yake ni rahisi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 10 kwa mita 20 likinyeshewa milimita 50 hupokea lita 10,000, na uzito wake ni tani 10. Tundu likiwa wazi, maji hayo hushuka kwa bomba hadi mtaroni. Likiwa limezibwa, yabaki juu ya vichwa vyetu yakitafuta ufa.

Na ufa hauharibu rangi peke yake. Maji yakifika kwenye nondo, chuma chashika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo huvimba na kuipasua zege kutoka ndani. Mabonge yaanza kuanguka, ufa wapanuka, maji mengi zaidi yaingia, na nondo zazidi kuliwa. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wameona slabu, lakini walijua.

Hatuandiki haya kutisha watu. Tarehe 6 Desemba 2019 jengo la ghorofa liliporomoka hapa hapa Tassia na watu wasiopungua 10 wakafa. Kabla ya hapo, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo jingine liliporomoka Huruma wakati wa mvua kubwa, na watu wapatao 50 wakafa. Hatusemi kwamba paa bovu ndilo lililoyaangusha majengo hayo. Twasema kwamba nyufa, kutu na maji ni ishara zinazoonekana mapema katika jengo lolote, na anayekagua paa kila mwaka ndiye anayeziona kwanza.

Kwa mabati, taabu ni nyingine. Bati lina namba ya geji, na namba ikipanda bati huwa jembamba zaidi: geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 kuliko 28. Msumari hupigwa kwenye mgongo wa bati, si bondeni ambako maji hupita, na chini ya kofia yake pawe na mpira. Jua hukausha mpira huo hata ukapasuka, na upepo hulegeza misumari. Ndipo maji yapatapo njia.

KAZI YA KUFANYWA SASA

1. Paa lifagiliwe lote, na tundu la maji, gata na mabomba ya kushusha maji yazibuliwe. Kazi hii haigharimu hata shilingi moja. Wapangaji wakishika zamu, yaweza kufanywa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi.

2. Zimwagwe ndoo chache za maji juu ya slabu, na watu watazame yanakokwenda na yanakosimama. Yaliposimama pawekewe alama ya chaki. Fundi akija asibahatishe.

3. Matangi na mabomba yake yakaguliwe. Wengi huilaumu mvua, kumbe tangi ndilo livujalo. Dari likidondoka maji siku ya jua, mwangalie tangi kwanza.

4. Nyufa zichimbwe kidogo, zisafishwe vumbi, zizibwe kwa saruji iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji, kisha zimwagiliwe maji kwa siku saba ili saruji ishike isipasuke.

5. Lami au rangi ya kuzuia maji ipakwe baada ya hapo, slabu ikiwa imekauka kabisa. Ikipakwa juu ya unyevu huvimba na kubanduka. Ndiyo maana kazi ya Aprili ni kutupa fedha.

6. Misumari iliyolegea ibadilishwe na bati lililooza litolewe. Karatasi ya nailoni iliyogandamizwa kwa mawe si matengenezo, na siku ya upepo mawe hayo ni hatari kwa apitaye chini.

7. Fundi apandaye juu ni mfanyakazi mwenzetu. Apewe ngazi imara na kamba, na asipandishwe mahali nyaya za umeme zilipo karibu na ukuta. Ipo Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, lakini fidia haimrudishii mtu mgongo wake.

NI NANI WA KULIPA?

Kufagia ni kazi tunayoweza kuifanya wenyewe. Kutengeneza paa ni wajibu wa mwenye nyumba, na sheria yasema hivyo waziwazi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 65, yasema kwamba iwapo sehemu tu ya jengo ndiyo iliyopangishwa, mwenye jengo ndiye wa kutunza paa, kuta za nje, mifereji mikuu na mahali panapotumiwa na wote. Tena nyumba au chumba kinachopangishwa lazima kifae kukaliwa na binadamu siku ya kuingia, na kiendelee kufaa muda wote wa kupanga. Paa limetajwa kwa jina lake katika sheria ya nchi. Wapangaji wengi hawajaambiwa jambo hili, nasi twaliandika hapa ili kila mmoja alijue.

Lakini sheria iliyo kitabuni haipandi ngazi yenyewe. Mpangaji wa chumba cha juu akienda peke yake, ataambiwa: kama hupendi, hama. Na sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba yawahusu wale ambao kodi yao haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Ni wangapi kati yetu Tassia wanaolipa kiasi hicho? Kwa hiyo nguvu yetu ya kwanza ni ile ile tunayoitumia kazini. Mmoja huambiwa hama. Milango yote ya jengo haiwezi kuambiwa hivyo.

Hapa twataka kusema na ndugu zetu wa ghorofa za chini. Wengine wao husema: mvua hainifikii, mimi yanihusu nini? Nondo inayoliwa na kutu huko juu ni ya jengo lile lile unalolala ndani yake, na maji yanayoshuka ngazini hupita mlangoni pako. Aliye chini ana haja ya paa sawasawa na aliye juu.

Wengine waogopa kwamba mwenye nyumba atapandisha kodi. Huenda akajaribu. Basi aonyeshwe hesabu: mifuko michache ya saruji mwezi wa Februari, au slabu nzima baada ya miaka mitano, na vyumba vitupu kwa sababu vimevuja. Wako wenye nyumba waliokuwa wafanyakazi kama sisi, wakajenga kwa akiba ya jasho lao. Tuwaendee kwa heshima, maana jengo likiharibika nao wapoteza.

Tangu Machi 2024 twakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Ni vema nyumba mpya zijengwe. Lakini wengi wetu tutaendelea kulala katika nyumba hizi tulizo nazo, na makato hayo hayazibi ufa hata mmoja wa Tassia.

Kwa hiyo twaomba kila ploti ambayo wanachama wetu wakaa ichague watu watatu, mmoja wao awe wa ghorofa ya chini. Wapande juu pamoja na msimamizi, wapige picha za mahali pabovu, waandike barua moja yenye sahihi za wapangaji wote, waweke tarehe na wabaki na nakala. Asiwepo mtu wa kukata fedha za matengenezo katika kodi bila mapatano ya maandishi, maana hapo ndipo wengi hufukuzwa. Barua isipojibiwa kwa siku 14, nakala iletwe ofisi ya tawi, nasi tutakwenda pamoja nao kwa mwenye nyumba.

Jua lililopo ni la wiki chache tu. Ndugu, tupande juu sasa.