Mtoto si mkalimani wa ugonjwa wa mama (Sehemu ya 5)

Leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Naongelea watoto wanaohamia nchi za watu.

Mnaijua kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, Kigoma, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia vita Kongo. Familia nyingi zilitoka pale zikahamishiwa Marekani. Huko anayewahi kushika Kiingereza mara nyingi ni kijana wa shule, baba na mama bado wanahangaika. Basi mtoto anageuka mdomo wa nyumba: anasoma bili, anaongea na mwalimu, anaingia na mama kwa daktari. Na yeye mwenyewe darasani ni mgeni, marafiki hana, baridi inamtesa. Nani anamuuliza yeye anaendeleaje?

Msiseme hayo ni ya Marekani. Mimi si Msukuma, ajira ndiyo imenileta Bariadi. Siku moja alikuja mama kutoka kijijini, Kiswahili hakipandi, yuko na binti yake wa miaka 13. Nikamwambia binti, "Hebu niulizie mama anaumwa nini." Wakaongea weee. Binti akainama chini: "Anasema tumbo."

Nikaandika tumbo.

Bahati nzuri nesi mwenzangu anayejua Kisukuma akapita, akamsalimia mama. Kumbe ana mimba, na anatoka damu tangu juzi! Binti alielewa kila kitu, jamani. Aliona aibu kukisema mbele yangu, na hofu ilikuwa imemjaa. Kosa lilikuwa langu, siyo lake.

Marekani waliweka kanuni mwaka 2016: hospitali isimtegemee mtoto kutafsiri, isipokuwa dharura. Kwetu pia inawezekana. Mama, ukifika sema, "Naomba mtu mzima anayejua Kisukuma." Hapo si kusumbua nesi, unamsaidia akutibu vizuri. Au njoo na shangazi, jirani, au mhudumu wa afya wa kijijini kwenu. Kama ni dharura na hakuna mwingine, mtoto aseme, maisha kwanza.

Kijana akusaidie kusoma ujumbe wa simu, nauli ya basi, fomu ya shule. Atajisikia mkubwa, na ni vizuri. Ila damu ya mama yake asibebeshwe yeye.

Wewe ukija kliniki nani anakutafsiria? Niandikieni hapo chini, nasoma zote nikitoka zamu.