Herufi za Waarmenia si Mzigo

Muhula huu, baada ya somo la historia, mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba Waarmenia wajitesa bure. Taifa la watu wapatao milioni tatu tu nchini mwao lina haja gani ya kuwa na herufi zake peke yake, ambazo jirani hawezi kuzisoma? Heri wangechukua za Kirumi, kazi ikaisha. Wengi walipiga makofi. Kengele ililia kabla sijapata nafasi ya kumjibu, basi namwomba Bwana Mhariri anipe nafasi hiyo hapa.

Yapata mwaka 387 Armenia iligawanywa, upande mmoja ukawa chini ya Warumi na wa pili chini ya Waajemi. Dini ya Kikristo walikuwa nayo tangu mwanzo wa karne ile, lakini kanisani vitabu vilisomwa kwa Kiyunani na Kisiria. Mkulima alisimama, akasikiliza, akarudi kwake bila kuelewa neno. Mtawa mmoja, Mesrop Mashtots, ambaye zamani alikuwa mwandishi katika jumba la mfalme, aliona jambo hili halifai. Akisaidiwa na Mfalme Vramshapuh na Sahak, mkuu wa kanisa, alijaribu kwanza herufi zilizotoka kwa askofu mmoja Msiria. Hazikutosha, kwani sauti nyingi za Kiarmenia zilikosa alama. (Tusicheke. Wazee wetu walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walipata taabu ya namna hiyo kwa p, v na ch.) Ndipo yapata mwaka 405 akatunga herufi 36, na nyingine chache zikaongezwa baadaye. Mwanafunzi wake Koriun, aliyeandika maisha yake, asema kuwa kazi ya kufasiri ilianza na Mithali za Sulemani.

Sasa mwenzetu autazame mwaka 428. Mwaka huo Waajemi waliuondoa ufalme wa Armenia, na herufi zilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu tu! Kwa karne nyingi Waarmenia wakatawaliwa na wengine. Hata kitabu chao cha kwanza kupigwa chapa, mwaka 1512, kilipigwa Venice, mbali kabisa na kwao. Mfalme hawakuwa naye. Herufi walikuwa nazo.

Lakini habari iliyonigusa zaidi ni ya kitabu kiitwacho Hotuba za Mush, kilichoandikwa kwa mkono juu ya ngozi mwanzoni mwa karne ya 13. Uzito wake wapata kilo 28. Mwaka 1915, Waarmenia walipokuwa wakiuawa na kufukuzwa katika Dola ya Uturuki, wanawake wawili wakimbizi walikiokoa. Kilikuwa kizito mno, wakakigawa nusu kwa nusu. Nusu moja ilifika salama; ya pili ilifukiwa ardhini ikapatikana baadaye. Leo zote zimo Matenadaran, nyumba ya maandiko ya kale mjini Yerevan. Mtu akimbiaye kifo hubeba mtoto, hubeba chakula. Mbona hawa walibeba kitabu? Mwenzetu anijibu hilo kwanza.

Nakubali kwamba herufi hizi zina gharama. Mtoto wa Kiarmenia akuliaye Ufaransa au Marekani hana budi kujifunza maandishi ya namna mbili, na wako wanaochoka wakaacha yale ya kwao. Hiyo ni hoja yenye nguvu kuliko zote tulizosikia siku ile, na ajabu hakuna aliyeitaja. Hata hivyo dawa si kuzifuta. Waturuki walibadili herufi zao mwaka 1928, na leo kijana wao hawezi kusoma maandishi ya kaburi la babu wa babu yake mpaka asomee kazi hiyo. Kijana wa Kiarmenia akienda penye jiwe la miaka mia nane iliyopita, herufi anazozikuta ni zile zile alizofundishwa darasa la kwanza, hata kama maneno mengine ya kale yatampa shida.

Mwenzetu akiwa na jibu, gazeti la muhula ujao lina nafasi.