FOLENI YA KLINIKI INA HESABU YAKE (Sehemu ya 4)

Jana mmoja wenu kanitumia ujumbe: "Nesi, kwani nyie mnafurahi tukikaa kwenye benchi mpaka mchana?" Hapana mama. Leo naongea ukweli, hata wenzangu wakininunia.

Foleni ina wataalamu wake. Mwaka 1909 Mdenmark mmoja, A. K. Erlang wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha hesabu za simu zinazopigwa bila mpangilio. Hesabu hizo ndizo zilizozaa elimu ya foleni, na leo zinatumika mpaka benki na hospitali.

Tuchukue mfano. Nesi mmoja anatumia wastani wa dakika 5 kwa mtoto, yaani watoto 12 kwa saa. Wakija 10 kwa saa, kila mmoja kwa muda wake, na wengine wakichukua muda mrefu kuliko wengine, mama anakaa wastani wa dakika 30 mpaka amalize. Wakija 11? Dakika 60! Kaongezeka mtoto mmoja tu, muda umekuwa mara mbili. Kwa hiyo ukiona foleni imevimba, usidhani nesi amelala.

Lakini na sisi tuna kosa. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo kina mama 60 wote waliambiwa waje saa mbili asubuhi. Kwa nesi yuleyule, wa mwisho anatoka saa saba mchana. Wangegawanywa 12 saa mbili, 12 saa tatu, hivyohivyo mpaka saa sita, wengi wangesubiri chini ya lisaa limoja. Hakuna nesi wa kuongeza, hakuna hela. Ni kuandika saa kwenye kadi, basi. Kwa maoni yangu, kutofanya hivyo ni kumdharau mama.

Sasa sikilizeni hili, ndilo kubwa. Foleni ni ya watoto wazima. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au amelegea hashtuki ukimwita, USIPANGE FOLENI. Nyanyuka, pita mbele, sema kwa sauti. Usimwonee aibu mtu. Na wewe uliye mbele yake, mpishe mwenzio. Dakika 5 zako zinaweza kuwa uhai wa mtoto wake.

Kliniki yenu mnapangiwa saa au mnarundikana asubuhi? Niambieni hapo chini.