Kamba Iko Mkononi mwa Nani?

Kuna video ya mwaka 1965 ambayo kila baada ya miezi michache hurudi kwenye simu zetu kama malaria. Mwanamume wa Kirusi aliyevaa sare amesimama mbele ya kwaya ya wanajeshi. Hachezi, harushi mikono. Anafungua kinywa tu na sauti nzito inatoka kifuani, nzito hadi unahisi ni kama meza inatetemeka. Anaimba Wimbo wa Wavuta Mashua wa Volga. Chini yake huwa na maneno yaleyale: huyu ndiye mwanamume kamili, siku hizi hawapo, Urusi si mchezo. Halafu anatokea mjuaji mmoja wa kufunga mjadala: wacheni siasa, muziki ni muziki tu.

Nataka kubishana na huyo wa mwisho.

Mwimbaji mwenyewe ni Leonid Kharitonov. Alizaliwa Septemba 1933 huko Golumet, mkoa wa Irkutsk, Siberia. Mwaka 1953 aliingia katika kwaya ya jeshi la Sovieti inayojulikana kwa jina la mwanzilishi wake, Alexander Alexandrov, na akakaa humo hadi 1972. Baadaye aliimba nje ya jeshi, akafundisha uimbaji, akatunukiwa cheo cha Msanii wa Umma mwaka 1986, akafariki Septemba 2017. Kipaji chake sikigusi. Anayesema Kharitonov hakujua kuimba aende akapimwe masikio.

Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Kwaya ile ilianza Moscow mwaka 1928 na watu 12: waimbaji 8, wachezaji 2, mpiga akodioni mmoja na msimulizi mmoja. Haikuanzishwa na wapenzi wa muziki waliokutana jioni baada ya kazi. Ilikuwa ya jeshi tangu siku ya kwanza. Waliimba habari za jeshi, wakavaa sare za jeshi, wakaenda jeshi lilikowatuma. Alexandrov huyohuyo ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa wa Sovieti, muziki ambao Urusi ya leo inautumia kwa maneno mapya.

Chukua mfano wa Berlin, Agosti 1948. Kwaya iliimba katika uwanja wa Gendarmenmarkt, katikati ya magofu ya vita, na Viktor Nikitin akaimba Kalinka mbele ya Wajerumani maelfu. Ilikuwa burudani tamu kwa watu walioshindwa vita miaka mitatu tu nyuma. Wakati huohuo jeshi lilelile lilikuwa limefunga barabara na reli za kuingia Berlin ya Magharibi, hadi chakula na makaa ya mawe vikawa vinaletwa kwa ndege. Upande mmoja wa jiji unaimbiwa, upande mwingine unanyimwa njia. Wahenga walishasema: penye urembo ndipo penye urimbo.

Sasa rudi kwa Kharitonov. Katika miaka yake 19 kwenye kwaya hiyo, vifaru vya Sovieti viliingia Budapest mwaka 1956 na Prague mwaka 1968. Video yetu pendwa iko hapo katikati. Sisemi Kharitonov alimpiga mtu risasi. Nasema tu kwamba sare ilikuwa moja, na nguo ni kitu cha kwanza unachokiona kwenye video kabla hata hajatoa sauti. Unawezaje kuitazama halafu uniambie siasa nimeileta mimi?

Mimi naishi kwa kuandikia watu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhindikana, na tangu hapo kalamu ndiyo inayolipa nyumba. Najua vile mwenye pesa hununua sauti. Mara nyingi hakuambii udanganye. Anakuambia uandike vizuri sana kuhusu upande mmoja, na ule mwingine uuache tu. Kwa hivyo simhukumu kijana wa Siberia aliyepata jukwaa kubwa kuliko yote nchini mwake. Pengine hata mimi ningeimba. Ninayemuuliza maswali ni msikilizaji, manake yeye hakulazimishwa na mtu kunyamaza.

Na hebu tuutazame wimbo wenyewe. Wavuta mashua wa Volga walikuwa maskini waliofunga kamba vifuani na kukokota vyombo wakipanda na mto, kazi ya punda ikifanywa na binadamu. Ilya Repin aliwachora kati ya 1870 na 1873, wanaume 11 waliochakaa kama matambara. Wimbo wao ulichapishwa na Mily Balakirev mwaka 1866. Ni wimbo wa kazi, wa kupatanisha hatua ili mzigo usogee. Miaka mia baadaye, kilio hicho kinaimbwa na watu walioshonewa sare, walioajiriwa na dola. Jasho la mkokotaji limegeuka kuwa pambo la mwenye chombo.

Mkenya hapaswi kushangaa. Sisi tuna harambee. Lilikuwa neno la wapagazi na wavuta mizigo huko Pwani, neno la kusukuma pamoja kitu kizito. Kenyatta akalibeba mwaka 1963, likaingia kwenye nembo ya taifa, kisha likawa jina la mchango ambao chifu akikuomba huwezi kukataa. Neno ni lilelile na mzigo ni uleule. Kilichobadilika ni nani anashika kamba na nani anahesabu pesa. Na nyimbo za kumsifu Nyayo zilitungwa na watu wenye vipaji kwelikweli, ndiyo maana wazazi wetu bado wanazikumbuka hata kama walikuwa wanaumia.

Anayesema muziki ni muziki tu hudhani anamtetea msanii. Wapi! Msanii huyo ndiye wa kwanza kulipa. Tarehe 25 Desemba 2016, ndege ya wizara ya ulinzi ya Urusi iliruka kutoka Sochi ikielekea Syria na kuanguka katika Bahari Nyeusi. Watu wote 92 walikufa. Kati yao 64 walikuwa wa kwaya hii ya Alexandrov, pamoja na kiongozi wao Valery Khalilov. Walikuwa wanaenda kuwaimbia wanajeshi wa Urusi sherehe ya Mwaka Mpya katika vita vya nchi ya watu wengine. Kwa hao 64, ile sare haikuwa vazi la jukwaani. Ilikuwa amri ya safari. Kharitonov alikuwa bado hai siku hiyo, mzee wa miaka 83.

Najua mtakachojibu: na Wamarekani je? Hata wao wana bendi za jeshi, na Waingereza pia. Ndiyo, wanazo, na swali ni hilohilo kwao. Lakini kosa la Mmarekani halimsafishi Mrusi, na sisi tuliotawaliwa tungekuwa wa mwisho kutafuta bwana mpya kwa sababu ana besi nzuri.

Naandika haya sasa kwa sababu ushabiki huu umeshafika kwetu na gharama yake. Novemba 2025 serikali yetu ilisema kwamba Wakenya zaidi ya 200 huenda wamejiunga na vita vya Urusi nchini Ukraine. Wengine waliahidiwa kazi za kawaida kabisa, wakajikuta wamepewa bunduki. Ni vijana wa rika langu, wasio na ajira kama nusu ya mtaa wetu. Sisemi ni video iliyowapeleka. Umaskini ndio uliowasukuma, na mawakala wakawadanganya. Lakini mahali ambapo jeshi linajulikana kwa nyimbo zake tu, wakala hana kazi ngumu. Kazi ya kulipendeza lile jeshi imeshafanywa, tena bure, na sisi wenyewe.

Kwa hivyo sikizeni Kharitonov. Sauti kama ile haifai kuzikwa, na wimbo ule ulikuwa wa wakokotaji kabla haujawa wa jeshi lolote. Ila unapomtumia kijana video ile, mwambie na habari za Budapest, za Prague, na za wale 64 wa Bahari Nyeusi. Na akikuuliza kuhusu kazi ya Urusi, usimjibu kwa wimbo.