MGODI HUFUNGWA, MIJI HUBAKI

Ndugu zetu wa migodini, na ninyi wenyeji wa mji,

Bunia, Iga-Barrière, Nizi, Bambu, Kilo, Mongbwalu: katika karatasi za serikali kila jina lina mkubwa wake na muhuri wake. Lakini tazameni maisha yenyewe. Zahabu ya Mongbwalu huuzwa Bunia. Samaki wa Kasenyi huliwa na wachimbaji. Mgonjwa wa Kilo hupakiwa gari aletwe kwa daktari mjini, na wakati wa vita watu wa Djugu walikimbilia kwetu na watoto wao. Je, hiyo ni miji sita, au ni mji mmoja uliotawanyika?

Swali hili si geni. Wenzetu wa Ukanda wa Shaba wamelijua zamani. Upande wa Zambia kuna Ndola, Kitwe, Luanshya, Mufulira, Chingola na Kalulushi, zote jirani. Kila mji uliota kando ya shimo lake, na kampuni ikajenga nyumba, zahanati na bomba la maji kwa watu wake tu. Nkana ya mgodi na Kitwe ya baraza zilikaa ubavu kwa ubavu, kila moja ikiwa na utawala wake.

Waliotambua kwanza kwamba hao ni watu wa mji mmoja walikuwa wafanyakazi, wala si mabwana. Mwezi wa Mei 1935 kodi ilipandishwa. Mgomo ulianza Mufulira, ukafika Nkana, ukaingia Luanshya, na huko watu 6 waliuawa kwa risasi. Shida ile ilivuka mipaka ya miji yote, na watu wakaijibu kwa sauti moja.

Lakini akili hiyo ya wafanyakazi haikuingia katika mabaraza. Tazameni upande wetu wa ukanda huo, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na mwaka 1994 shaba yote haikufika tani 40,000. Kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walilipwa waondoke kazini. Shule na hospitali zilikuwa zimeegemea nguzo ile ile moja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Mtu atauliza, kuna njia nyingine? Ipo. Katika bonde la Ruhr, nchi ya Ujerumani, miji ya makaa ya mawe kama Essen, Dortmund, Bochum na Duisburg iliunda chama kimoja mwaka 1920, ili kupanga pamoja barabara, makazi ya wafanyakazi na mashamba yasiyoguswa. Hakuna mji uliopoteza jina wala meya wake. Mgodi wa mwisho wa makaa hayo ulifungwa Bottrop mwezi wa Desemba 2018. Chama kipo hata leo, kikiunganisha miji na manispaa 53 zenye watu kama milioni 5. Makaa yamekwisha, miji imebaki.

Sasa turudi kwetu. Zahabu ya Kilo imechimbwa tangu 1905, na hakuna zahabu isiyokwisha. Sheria ya madini ya 2018 yasema kwamba katika mrabaha ulipwao na mwenye hati ya mgodi, asilimia 50 ni ya serikali kuu, 25 ya jimbo, 15 ya eneo lenye mgodi, na 10 ni akiba ya vizazi vijavyo. Ni sheria nzuri. Lakini ile 15 yaishia penye shimo, na jirani anayebeba soko, wagonjwa na wakimbizi hapati kitu.

Ndugu wa Mongbwalu atasema: «Kwa nini fedha ya shimo langu ijenge barabara ya Bunia?» Ana haki kuuliza. Twamjibu: barabara hiyo ndiyo njia ya mkeo kufika hospitali, na ndiyo bei ya unga wako. Ikikatika, wewe ndiwe unayelala njaa kwanza.

Hatusemi Bunia imeze wenzake. Hatutaki mkubwa mpya juu ya wakubwa. Twataka komini za Mbunya, Nyakasanza na Shari zikae meza moja na wenzao wa Djugu na Irumu, kwa mambo matatu tu: barabara, maji na soko. Kila eneo litoe sehemu ya fungu lake katika sanduku moja, na hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi, zisomwe na kila mtu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Waulizeni wakubwa wenu juma hili: meza hiyo itawekwa lini?