WANAOTUCHEZESHA PAMOJA WALIPWE



Jumamosi moja hapa Burungu tulikwenda kuwasikiliza vijana watano wenye magitaa mawili, besi, tarumbeta na ngoma. Walipiga swingi ya Wamarekani weusi, kisha rumba yetu, na watu wakacheza hadi mafuta ya mashine ya umeme yakaisha. Mhunde alicheza kando ya Mhutu, Mtutsi kando ya Mnande, wala mlangoni hakuna aliyeulizwa ukoo wake. Tangu vita vya 1993 vilipoanza Walikale vikaingia Masisi, ni mikutano mingapi ya wakubwa iliyotupatia saa tatu za namna hiyo?

Muziki ulipokwisha, wapigaji walipewa bia na asante. Feza yote ya mlangoni ilibaki kwa mwenye baa. Wengine walituambia: «Shida gani? Hao wanacheza tu.» Neno hilo tunalikataa.

Tukumbuke Januari 1960. Wakubwa wa vyama walipokwenda Brussels kwenye Mkutano wa Meza ya Mviringo kudai uhuru, Joseph Kabasele naye alikwenda na kundi la watu saba. Kutoka African Jazz yake walikuwamo Dokta Nico, Dechaud, Izeidi na Petit Pierre. Lakini aliwachukua pia Vicky Longomba na Brazzos wa OK Jazz, orkestra iliyozaliwa 1956 na kushindana na yake. Wapinzani hao wakapiga pamoja, na wimbo wao Indépendance Cha Cha ukavitaja Abako, Conakat na MNC bila kubagua. Mwaka ule ule vyama hivyo vikagombana. Wimbo haukugombana na mtu, na hata leo unapigwa.

Louis Armstrong naye alifika Leopoldville Oktoba 1960, Katanga na Kasai ya Kusini zikiwa zimekwisha kujitenga. Hakuja na jeshi la wapigaji. Kundi lake lilikuwa dogo. Katika kundi dogo tarumbeta hungoja gitaa limalize neno lake, na anayepiga bila kusikiliza wenzake hujulikana mara moja. Shule gani ya umoja inapita hiyo?

Sisi makarani wa mgodi twajua kwamba katika kitabu cha mishahara hata mfagiaji ana mstari wake. Wapigaji nao wawe na mstari wao. Tunaomba mambo mawili: feza ya mlangoni ihesabiwe mbele yao, nusu iwe yao, na kamati ya vijana ichange kununua vyombo, ili wasikodi gitaa kila Jumamosi.

Tunahubiri umoja kila siku, kisha wanaoufanya kwa mikono yao tunawarudisha nyumbani mifuko mitupu. Asante haijazi sufuria. Anayeupenda umoja na hataki kuulipia, analipenda jina lake tu.